Nani hasa analindwa na uhuru wa chuo?

Chuo Kikuu cha Queen Mary cha London kilitumia zaidi ya paundi 200,000 kulipa mawakili ili mgonjwa mmoja wa Australia asipewe jedwali la namba. Jedwali lenyewe halina jina la mtu wala anwani. Lina alama tu: mshiriki huyu alianza na ngapi, baada ya mwaka akawa na ngapi, hivyo hivyo mpaka mshiriki wa 641. Utafiti ulioyazaa hayo yote uligharimu karibu paundi milioni 5, na fedha hizo zilitoka serikalini, yaani mifukoni mwa walipa kodi.

Rafiki yangu mmoja anafundisha chuoni hapa Dar. Nilipomsimulia alicheka kwanza. "Hela ya mawakili peke yake? Dada, mimi ningesomesha darasa langu lote la uzamili na chenji ikabaki." Halafu akanyamaza kidogo, akauliza: "Sasa walikuwa wanaficha nini?"

Jibu lake ni refu, na linaanzia kwenye ugonjwa wenyewe, ambao Waingereza wengi wanauita ME na vitabu vya tiba vinauandika ME/CFS. Kwetu huitwa ugonjwa wa uchovu sugu, pale unapopata bahati ya kuitwa chochote. Mdogo wangu aliupata akiwa mwaka wa pili chuoni. Homa ilikuja, ikaondoka, nguvu hazikurudi. Malaria hakuna, taifodi hakuna, damu ipo, sukari sawa. Daktari wa mwisho akamwambia ana mawazo, apumzike na apunguze simu. Shangazi akasema pale pana mkono wa mtu.

Siku moja aliamka mwepesi. Akachota ndoo ya maji bombani, akaifikisha bafuni mwenyewe, akaoga, akakaa nasi mezani akitania. Tukasema alhamdulillahi. Kesho yake alikuwa bado yuko sawa. Keshokutwa hakuweza kuinua kichwa kitandani. Alitaka pazia lifungwe kwa sababu mwanga ulikuwa unamuumiza, na hata sauti ya kijiko kwenye kikombe aliiona kelele. Ilimchukua siku nyingi kurudi pale alipokuwa kabla ya ile ndoo.

Hilo la kulipa kwa kuchelewa ndilo lenyewe. Taasisi ya Tiba ya Marekani ilipoupitia ugonjwa huu na kutoa ripoti yake Februari 2015, iliweka wazi kuwa alama yake kuu ni mwili kuzidiwa baada ya kujituma, hata kama kujituma kwenyewe ni kidogo. Ripoti hiyo ilikadiria Wamarekani wenye ugonjwa huu kuwa kati ya 836,000 na milioni 2.5, na wengi wao hawajawahi kuambiwa wanaumwa nini. Robo hivi hawatoki nyumbani au hawatoki kitandani.

Kwa hiyo ukimwambia mgonjwa wa namna hii aongeze mazoezi kila wiki, unapaswa kuwa na ushahidi mzito sana mkononi. PACE ndiyo iliyotangazwa kuwa ushahidi huo.

PACE yalikuwa majaribio makubwa ya tiba yaliyoongozwa na maprofesa watatu: Peter White wa Queen Mary, Trudie Chalder wa King's College London, na Michael Sharpe ambaye baadaye alikuwa Oxford. Wagonjwa waligawanywa makundi manne. Wote walipata huduma ya daktari bingwa. Kundi moja likaishia hapo. La pili likafundishwa kupima shughuli zake kulingana na nguvu iliyopo. La tatu likapewa tiba ya mazungumzo ya kubadili fikra na mwenendo. La nne likapewa mazoezi yanayoongezwa hatua kwa hatua. Nadharia iliyobeba makundi mawili ya mwisho ilisema kwamba mwili umelegea kwa kukaa, na kinachomfanya mgonjwa aendelee kukaa ni hofu na imani potofu juu ya ugonjwa wake. Mwondolee hofu, mrudishe kwenye mwendo, atapona.

Nadharia hii ina ukoo mrefu. Mwaka 1955 wafanyakazi karibu 300 wa hospitali ya Royal Free, London, waliugua ghafla hadi hospitali ikafungwa kwa miezi. Daktari Melvin Ramsay aliyewahudumia aliamini mpaka mwisho kuwa ni ugonjwa wa mwili. Miaka 15 baadaye, 1970, madaktari wawili wa akili, McEvedy na Beard, wakachapisha kwenye BMJ, jarida la tiba la Uingereza, kwamba kilichotokea kilikuwa wazimu wa kuambukizana wa kikundi, hasa kwa kuwa wengi walikuwa wanawake. Hawakumpima mgonjwa hata mmoja. Walisoma mafaili. Uhuru wa kitaaluma uliwapa haki ya kuandika walichoandika, na sidhani kuna mtu aliyepaswa kuwazuia. Ila waliolipia maandishi hayo kwa miongo mitatu iliyofuata hawakuwa wao.

Turudi PACE. Makala ya kwanza ilitoka kwenye jarida la tiba la The Lancet mwaka 2011. Mwaka 2013 ikatoka nyingine iliyodai kuwa asilimia 22 ya waliopewa mazoezi au tiba ya mazungumzo walipona, ukilinganisha na asilimia 7 ya waliobaki na daktari tu. Magazeti yakashangilia. Mwongozo wa tiba wa Uingereza, uliokuwa tayari unapendekeza tiba hizo mbili tangu 2007, ukaonekana umethibitishwa. Wizara ya Kazi na Pensheni, ile inayoshughulika na posho za walemavu, ilikuwa mmoja wa waliogharamia utafiti, na baadhi ya watafiti wakuu walikuwa na kazi za ushauri kwa makampuni ya bima. Waliyasema hayo kwenye The Lancet. Washiriki hawakuambiwa kuhusu kazi hizo za bima walipokuwa wanatia saini.

Sasa lichukue dodoso lao la uwezo wa mwili, ulishike mkononi. Lina maswali kumi. Kwa kila swali unajibu: napata shida sana, alama 0, shida kidogo, 5, sina shida, 10. Mfikirie mtu asiyeweza kukimbia wala kunyanyua kitu kizito, asiyeweza kupanda ghorofa kadhaa, asiyeweza kutembea zaidi ya maili moja. Hayo matatu ni sifuri. Kusogeza meza kunamsumbua kidogo, kubeba vitu vya sokoni kunamsumbua kidogo. Yaliyobaki, yaani kupanda ngazi za ghorofa moja, kuinama, kutembea nusu maili, kutembea yadi mia, kuoga na kuvaa mwenyewe, anayamudu. Jumlisha. Ana 60.

Mpango wa awali wa utafiti ulitaka mtu afikishe 85 kwenye dodoso hili ndipo ahesabiwe amepona. Baadaye kizingiti kikashushwa hadi 60. Na ili mtu apokelewe kwenye utafiti kama mgonjwa, alitakiwa awe na 65 au chini ya hapo. Soma tena kama mimi nilivyosoma tena. Mtu angeweza kuingia na 65, akazorota hadi 60, na kwa kipimo hicho akawa amevuka mstari wa kupona. Baadaye ilijulikana kuwa asilimia 13 ya washiriki walikuwa wameshavuka mstari wa kupona kwenye kimoja kati ya vipimo viwili vikuu siku ile wanaandikishwa, kabla hawajapewa tiba yoyote.

Ukitaka kipimo kisichotegemea mtu anavyojisikia, kipo: walitembezwa dakika sita. Kundi la mazoezi, baada ya mwaka, lilifika wastani wa mita 379. Mtu mzima mwenye afya hupita 500 bila kujitutumua.

Wagonjwa ndio walioanza kuyaona haya. Watu wamelala kwenye vyumba vyenye giza, wanasoma aya mbili, wanapumzika, wanasoma nyingine mbili, na wanagundua kitu ambacho wahakiki wa The Lancet hawakukiona. Mmoja wao alikuwa Alem Matthees, Mwaustralia. Mwaka 2014 aliandika Queen Mary akitumia Sheria ya Uhuru wa Habari ya Uingereza: nipeni alama, majina baki nayo, nikokotoe upya kwa vizingiti vyenu wenyewe vya mwanzo. Chuo kikakataa. Oktoba 2015 Kamishna wa Habari akaamuru alama zitolewe. Chuo kikakata rufaa.

Na si wagonjwa tu waliokataliwa. Mwishoni mwa 2015 James Coyne, profesa wa saikolojia, aliomba King's College data za makala moja ya PACE iliyochapishwa kwenye jarida la PLOS ONE, ambalo sharti lake kwa waandishi ni kuwa tayari kutoa data. Alijibiwa kwamba ombi lake ni la usumbufu na halina nia ya maana. Profesa anamwomba profesa mwenzake namba, anaambiwa msumbufu! Jarida lenyewe mwaka 2017 likaweka tangazo la wasiwasi juu ya makala hiyo.

Kwenye baraza la rufaa, Aprili 2016, upande wa chuo ulisema unalinda faragha ya washiriki, ahadi ya siri waliyopewa, na utayari wa watu kujitolea kwenye tafiti zijazo. Hoja hizi hazichekeshi; mtu aliyejaza dodoso kuhusu mwili wake ana haki ya kulindwa. Lakini ziliambatana na picha nyingine, ya watafiti waliozingirwa na wanaharakati hatari. Baraza likauliza ushahidi uko wapi. Kilichopatikana, kwa maneno ya hukumu yenyewe, ni kwamba maelezo kuhusu tabia ya wanaharakati yalitiwa chumvi kupita kiasi, na tukio halisi lililothibitishwa lilikuwa mtu mmoja aliyempigia kelele Profesa Chalder kwenye semina. Agosti 2016, kwa wingi wa kura za wajumbe, chuo kikaamriwa kutoa data. Septemba kikazitoa.

Zilipokokotolewa kwa vizingiti vya mpango wa awali, waliopona walikuwa asilimia 7 katika tiba ya mazungumzo, 4 katika mazoezi, 3 kwa daktari peke yake, na 2 katika kundi la kupima shughuli. Tofauti kati ya makundi haikuwa kubwa kiasi cha kutofautishwa na bahati. Hicho ndicho kilichokuwa ndani ya jedwali, rafiki yangu. Watafiti wa PACE wanashikilia msimamo wao na The Lancet haijaifuta makala yake, ingawa mwaka 2018 wanasayansi zaidi ya mia moja waliiandikia barua ya wazi kuidai uchambuzi huru.

Ningeishia hapa kama hii ingekuwa habari ya chuo kimoja kibaya. Lakini upande wa pili wa bahari kuna chuo kingine kilichofanya jambo dogo, na kwangu jambo hilo dogo ndilo linalonifikirisha zaidi.

David Tuller ni mwandishi wa habari wa zamani mwenye shahada ya udaktari wa afya ya jamii kutoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na hapo hapo ndipo alipopata dawati. Oktoba 2015 alichapisha uchunguzi mrefu juu ya PACE, akaupa jina la Trial by Error, yaani majaribio kwa makosa. Hakuutoa kwenye jarida kubwa. Uliwekwa kwenye blogu ya Vincent Racaniello, profesa wa virusi wa Chuo Kikuu cha Columbia, ambaye alikubali jina lake na la chuo chake libebe lawama pamoja naye. Tuller hakuishia PACE. Akahamia kwenye tafiti za watoto zilizofanywa Chuo Kikuu cha Bristol, akauliza kwa nini baadhi zilichapishwa bila kupitia kamati ya maadili. Si mtu mpole. Anarudia, anaandika barua juu ya barua, lugha yake ina pilipili.

Bristol ikawaandikia wakubwa wa Berkeley kulalamika, na zaidi ya mara moja. Maana ya barua za namna hiyo inaeleweka hata kama haijaandikwa: mfungeni mdomo mtu wenu. Berkeley haikumfunga. Haikumtetea kwa mabango wala haikutoa tamko la kishujaa. Ilimwacha aendelee kuandika kwa cheo chake. Mwaka 2019 mapitio yaliyofanywa na Bristol pamoja na mamlaka ya Uingereza inayosimamia tafiti za afya yakataka makala 11 zirekebishwe maelezo yake kuhusu kibali cha maadili.

Gharama ya uamuzi huo wa Berkeley? Bei ya kutojibu barua kwa hofu. Weka pembeni na paundi zile laki mbili na ushee.

Lakini nisiipambe Berkeley. Mshahara wa Tuller hautoki kwenye bajeti ya chuo. Tangu 2017 unatokana na michango ya watu mtandaoni, inayopitia chuoni, na wengi wa wachangiaji ni wagonjwa, watu ambao wengine wamepoteza kazi. Chuo kimempa mlango na kiti. Chakula wanaleta waliolala. Wapinzani wake wanalishikia bango jambo hili: analipwa na upande mmoja, atasema nini kingine? Ni hoja ya kweli, na yeye mwenyewe huiandika wazi chini ya kazi zake. Mimi nasema kama tunaikubali hoja hiyo basi tuikubali yote, pamoja na bima na wizara ya posho. Na tuulize pia kwa nini mtu anayefanya kazi ya kuhakiki sayansi ya umma hana fungu la umma.

Malalamiko ya upande wa pili nayo nisiyafiche. Machi 2019 shirika la habari la Reuters liliandika kuhusu Sharpe na wenzake wanaosema mashambulizi ya mtandaoni yanawafukuza watafiti kwenye fani hii. Matusi ni matusi, na mtafiti aliyetukanwa kwa kazi yake ameonewa. Ila hoja hiyo ikishabebwa na chuo inageuka haraka. Kumtukana profesa, kumwandikia profesa, kumwomba profesa namba zake, kumpeleka profesa mbele ya baraza la sheria: yote yanatiwa kapu moja linaloitwa unyanyasaji, na uhuru wa kitaaluma unawekwa juu yake kama mfuniko.

Sisi huku hatuna haja ya kuazima fasili ya uhuru huo. Aprili 1990 jumuiya za wanataaluma wa vyuo vya Tanzania zilipitisha Azimio la Dar es Salaam, na Novemba mwaka huo huo likafuata la Kampala. Yote mawili yameandika uhuru na wajibu kwa jamii kwenye kichwa kimoja, bega kwa bega. Waliyaandika watu waliojua ni nini kufukuziwa wanafunzi na kufungiwa chuo, kwa hiyo hawakuwa na sababu ya kuulegeza uhuru. Na bado hawakukubali usimame bila mwenzake. Nikiyasoma maazimio hayo kando ya hukumu ya London, naona kwamba mgonjwa aliyeomba jedwali alikuwa anadai nusu ile ya pili, na chuo kikamjibu kana kwamba anashambulia ile ya kwanza.

Kuhusu kuunga mkono tafiti zenyewe, mfano ninaoupenda hauna kelele. Leonard Jason wa Chuo Kikuu cha DePaul, Chicago, aliugua ugonjwa huu mwenyewe, akarudi kazini, na timu yake ikapiga simu nyumba kwa nyumba badala ya kusubiri wagonjwa kliniki. Mwaka 1999 walichapisha kuwa watu 422 hivi katika kila 100,000 wa jiji hilo wanao, na kwamba wanawake na Walatino ndio walioathirika zaidi. Mpaka hapo magazeti yalikuwa yakiuita mafua ya vijana wenye pesa. Chuo kisicho tajiri sana kiliacha mtu mmoja ang'ang'anie swali moja kwa miaka 30 na zaidi.

Oktoba 2021 taasisi ya miongozo ya tiba ya Uingereza, NICE, iliondoa mazoezi ya kuongezwa hatua kwa hatua kwenye mwongozo wake, ikasema tiba ya mazungumzo isitolewe kama dawa ya kuponya. Mamlaka ya kudhibiti magonjwa ya Marekani ilikuwa imeshayaondoa mapendekezo hayo 2017. Niliituma habari hiyo kwa mdogo wangu. Akajibu kwa ujumbe wa sauti mfupi, maana kuandika kunamchosha: "Kwa hiyo ile ratiba ya kukimbia asubuhi niliyopewa, basi tena?" Basi tena.

Na Chuo Kikuu cha Edinburgh wakafanya kinyume cha Queen Mary toka siku ya kwanza. Mradi wa DecodeME, unaoongozwa na Profesa Chris Ponting, ulipewa paundi milioni 3.2 za umma mwaka 2020, na wagonjwa walikaa mezani wakati wa kuubuni, pamoja na kuamua maswali ya dodoso yawe marefu kiasi gani kwa mtu anayechoka kusoma. Mate yalichukuliwa nyumbani, kifurushi kikarudi kwa posta, hakuna aliyelazimika kupanda basi. Agosti 2025 matokeo ya kwanza yalitoka: wagonjwa 15,579 walilinganishwa na watu karibu 260,000 wasio na ugonjwa, na maeneo manane ya vinasaba yakaonekana kutofautiana, mengine yakihusiana na kinga ya mwili na mfumo wa fahamu. Makala iliwekwa hadharani hata kabla ya jarida kuipokea, ili anayetaka kuipinga aanze siku hiyo hiyo.

Washiriki walipaswa kuwa wakazi wa Uingereza, kwa hiyo mate ya huku kwetu hayamo. Rafiki yangu wa chuoni anasema kitivo chao kina friji ya sampuli na wanafunzi wa uzamili wanaotafuta mada. Ameniomba nimtumie dodoso la Edinburgh, nimelituma jana.